Jasho la Mpagazi na Askari wa Damu Yake



Katika mikutano yetu ya Bulumbi, Busia na Tororo kuna swali moja ambalo haliishi kuulizwa. Je, kazi ngumu ya kutoa jasho kutwa nzima humpa mtu nguvu ya kushinda maradhi, au humla? Wazee husema kazi ni dawa, na anayelala ndiye anayeugua. Vijana wa magunia husema la, mzigo unakula damu. Baada ya wiki yenye malori mengi, mafua na homa huingia bila kupiga hodi. Kila upande una mashahidi wake, na mabishano hayaishi mpaka mwenyekiti agonge meza.

Swali hili si la kupitisha wakati. Mbeba magunia akilala siku tatu kwa homa, siku tatu hizo halipwi. Mwendesha baiskeli asipotoka asubuhi, jioni nyumbani hakuna unga. Basi ikiwa kazi yenyewe ndiyo inayoufungulia ugonjwa mlango, hilo si jambo la bahati mbaya ya mtu mmoja. Ni hoja ya chama, ya kuwekwa mezani mbele ya mwajiri.

Mimi si daktari, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini yaliyo hapa chini ni mambo ambayo wataalamu wameyapima katika damu ya watu, nami nimeyapanga kwa lugha yetu ili kila mwanachama ayasome na amsomee mwenzake asiyejua kusoma.

ASKARI WENYEWE NI AKINA NANI

Damu ina chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, na chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili. Tone dogo la damu, dogo kuliko kichwa cha pini, ambalo wataalamu huliita maikrolita moja, huwa na chembe nyekundu karibu milioni 5, lakini chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 tu. Askari ni wachache, raia ni wengi.

Askari hao si wa kikosi kimoja. Kundi kubwa huitwa nyutrofili. Hawa ni askari wa doria, hukimbilia kidonda na kumeza vijidudu. Kundi la pili ni limfosaiti, ambalo nalo lina vikosi vyake. Wako wanaotengeneza silaha za kumlenga adui maalumu, wako wanaokumbuka adui aliyewahi kuja zamani, na wako wauaji wa asili, ambao huua chembe ya mwili iliyokwisha tekwa na virusi bila kungoja amri.

Hapa ndipo pa kushika vizuri: askari walio katika damu ni sehemu ndogo tu ya jeshi lote. Wengi wako katika uboho wa mifupa, katika wengu, katika tezi, katika mapafu na matumbo. Wengine wamejibanza kwenye kuta za mishipa kama abiria waliokaa kando ya barabara wakingoja gari. Anayehesabu askari ndani ya damu anahesabu walio barabarani saa ile tu. Hajahesabu walio kambini.

MTU AKIANZA KUKIMBIA AU KUBEBA

Mtu akiwa amekaa, moyo wake husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika. Akikimbia au akipanda ngazi na gunia mgongoni, moyo husukuma lita 20 na zaidi. Damu huenda kwa kasi kama maji ya mto baada ya mvua. Wakati huo huo mwili humwaga adrenalini, ile dawa ya asili ya hofu na vita. Kasi ya damu pamoja na adrenalini huwabandua askari waliojibanza kwenye kuta, na kuwatoa wengine katika wengu na mapafu. Kwa dakika chache tu hesabu ya chembe nyeupe hupanda. Wa kwanza kutoka ni wale wauaji wa asili. Wanaweza kuongezeka mara kadhaa.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1901, katika mbio ndefu za Boston huko Marekani, daktari mmoja aitwaye Larrabee alipima damu ya wakimbiaji wanne kabla na baada ya mbio. Aliporipoti mwaka 1902 alieleza kwamba chembe nyeupe zilikuwa zimepanda mara tatu hadi tano. Mtu asiyejua angesema wakimbiaji wale walikuwa na ugonjwa mkali. Kumbe walikuwa wamekimbia tu.

Sasa mtu akiacha kukimbia au akitua mzigo, mambo hugeuka. Limfosaiti huanza kupungua katika damu, na kwa muda wa saa moja au mbili huweza kuwa chache kuliko zilivyokuwa kabla ya kazi kuanza. Nyutrofili nazo huendelea kupanda kwa saa kadhaa, kwa sababu kazi ndefu humwaga kemikali nyingine ya mwili iitwayo kotisoli, inayoita askari wapya kutoka kwenye uboho. Kwa kawaida, baada ya siku moja hivi ya mapumziko, hesabu yote hurudi mahali pake.

Kazi fupi ya dakika ishirini huleta mawimbi madogo. Kazi ya saa nyingi bila kupumzika na bila kula huleta mawimbi makubwa.

MABISHANO YA WATAALAMU

Kule kupungua kwa askari baada ya jasho ndiko kulikozua mabishano ya miaka mingi.

Mwaka 1982 huko Cape Town, Afrika Kusini, wataalamu wawili waliwafuata wakimbiaji 150 wa mbio za kilomita 56. Katika majuma mawili baada ya mbio, wakimbiaji 33 katika kila 100 walisema wamepata mafua, kikohozi au maumivu ya koo. Katika watu wa rika lao wasiokimbia, waliosema hivyo walikuwa 15 tu katika kila 100. Mwaka 1987 mambo kama hayo yalionekana Los Angeles, Marekani, kwa wakimbiaji zaidi ya 2,000. Waliokimbia mbio ndefu waliugua kwa kiasi cha 13 katika 100 juma lililofuata. Wenzao waliojiandaa vilevile lakini hawakukimbia siku ile, ni 2 tu katika 100.

Kutokana na hayo wataalamu wengi wakasema: baada ya kazi ndefu mno, mwili hubaki na dirisha wazi kwa saa kadhaa, na ugonjwa huingia hapo. Wakaongeza kwamba anayefanya mazoezi ya wastani huugua kidogo kuliko asiyefanya kabisa, lakini anayepita kiasi huugua kuliko wote wawili.

Wengine hawakukubali. Mwaka 2018, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliandika kwamba habari ya dirisha wazi imetiwa chumvi. Hoja yao ni hii: askari waliopungua katika damu hawakufa, wametumwa kazini. Walitaja majaribio ya panya, ambamo chembe zilitiwa alama inayong'aa, panya wakakimbizwa, kisha chembe zikatafutwa. Zilionekana kwenye mapafu, kwenye uboho na kwenye matumbo, yaani mahali ambapo adui hupenda kuingilia. Kwa maneno yao, kushuka kwa hesabu ni doria, si kushindwa vita. Tena wakasema kwamba wakimbiaji wengi waliodai mafua hawakupimwa kwa darubini. Koo linaweza kuuma kwa vumbi na kwa hewa kavu iliyovutwa kwa kasi.

Kisha wakauliza swali ambalo mimi naliona ni la kwetu kabisa: anayeugua baada ya mbio, je, ni mbio zilizomwuguza, au ni mambo yaliyofuatana na mbio? Kulala kidogo, safari ndefu, msongamano wa watu, chakula haba, wasiwasi wa moyo. Hayo yote hushusha kinga, na hayo yote mtu anaweza kuyapata bila kukimbia hata hatua moja.

Kuhusu usingizi ushahidi upo. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walichapisha habari za watu 153 wenye afya waliokubali kutiwa virusi vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa 7 kila usiku walipata mafua karibu mara tatu kuliko waliolala saa 8 au zaidi. Virusi ni vilevile, pua ni zilezile. Tofauti ni kitanda.

MKIMBIAJI NA MPAGAZI

Sasa tuje mpakani.

Sisi wa mpaka huu ndio tuliolipa Afrika Mashariki neno bodaboda. Tangu miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia waliwabeba watu na mizigo kwa baiskeli, kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, na wito wao wa Kiingereza, yaani mpaka hadi mpaka, ukageuka jina la kazi. Pikipiki zilikuja baadaye, lakini hadi leo baiskeli hupita na magunia, na ndugu zetu wenye ulemavu huvusha shehena kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa Busia mwaka 2018 na karatasi zikaenda kasi. Lakini gunia halina habari ya karatasi. Linabebwa na mgongo uleule.

Miguu ya kanda hii dunia inaijua. Mwaka 2012 Stephen Kiprotich, mwana wa Kapchorwa kwenye miteremko ya Mlima Elgoni, alishinda mbio ndefu za Olimpiki mjini London kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda tangu ile ya John Akii-Bua huko Munich mwaka 1972. Tunajivunia. Lakini tusije tukadanganywa kwamba, kwa kuwa mkimbiaji hutoa jasho akawa na afya, mpagazi naye atoaye jasho atakuwa na afya iyo hiyo.

Tazama tofauti. Mkimbiaji huchagua mwendo wake. Mpagazi mwendo wake huchaguliwa na dereva anayetaka kuondoka. Siku ya kazi ngumu ya mkimbiaji hufuatwa na siku nyepesi; siku ngumu ya mpagazi hufuatwa na lori jingine. Mkimbiaji hula kabla na baada. Mpagazi hunywa chai ya rangi na andazi moja, akala ugali saa kumi za jioni. Mkimbiaji akihisi homa, mwalimu wake humrudisha kitandani. Mpagazi akihisi homa, hujifunga shati kiunoni akaendelea, maana kuna mwingine getini anayengoja nafasi yake.

Wataalamu wa Denmark, ambao huchunguza afya za wafanyakazi, wamelipa jambo hili uzito. Mwaka 2018 walishiriki katika kukusanya tafiti zilizohusu watu zaidi ya 190,000. Wanaume wenye kazi nzito za mwili walionekana kuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wenye kazi nyepesi, ingawa inajulikana kwamba mazoezi ya mtu mwenyewe, kwa wakati wake, hurefusha maisha. Sababu wanazozieleza ni zile zile tunazozijua: kazi ya mwili huchukua saa nyingi mno, haina pumziko la kutosha, na mfanyakazi hana uwezo wa kuipunguza anapochoka.

Historia yetu nayo inashuhudia. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Waingereza waliwakusanya wapagazi wa Kenya, Uganda na Tanganyika katika Kariakoo, wakawatembeza na mizigo kichwani kuwafuata Wajerumani. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, wakiwa wamechoka, wamelowa na mvua, na wakila unga usioiva. Wale walikuwa vijana wenye nguvu, waliochaguliwa kwa sababu ya nguvu zao. Jasho halikuwalinda.

Basi jibu la swali letu la mkutano ni hili. Wazee wana haki: mwili unaofanya kazi kwa kiasi huwatembeza askari wake na kuwaweka macho. Vijana nao wana haki: kazi isiyo na pumziko, chakula wala usingizi humwacha mtu bila kinga. Ugomvi wetu si na kazi. Ugomvi wetu ni na masharti ya kazi.

HABARI YA KUPIMWA DAMU

Yako madhara mengine ya kutojua mambo haya, nayo yamewahi kutufika.

Katika ghala moja, ambalo silitaji, mwanachama wetu alipakua mizigo usiku kucha. Asubuhi, kabla jasho halijakauka, akapelekwa kupimwa damu katika zahanati ambayo nayo siitaji. Akaambiwa chembe nyeupe ziko juu, ana maambukizo. Akanunua dawa kwa fedha za kukopa, na msimamizi akamwambia akae nyumbani mpaka apone. Tulipomshauri arudie kipimo baada ya kupumzika siku mbili, damu yake ilikuwa sawa kabisa. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na uchovu, na sasa ana deni.

Kwa hiyo mfanyakazi anayekwenda kupimwa hesabu kamili ya damu amweleze mpimaji waziwazi: Nimetoka kubeba mizigo, au nimeendesha baiskeli kutoka Bulumbi hadi hapa. Kama hana dharura, heri aende asubuhi baada ya kulala, akae kitako walau nusu saa kabla ya kuchomwa sindano. Mwenye homa kali asingoje. Aende mara moja, na apimwe malaria kwanza, maana sisi tunaishi katika nchi ya mbu.

Jambo la pili: watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa na nyutrofili chache kuliko Wazungu, nao ni wazima. Hali hii hufuatana na umbile la damu ambalo pia huwakinga na aina moja ya malaria. Vitabu vingi vya vipimo viliandikwa kwa damu za Ulaya na Marekani. Mwajiri asimnyime mtu kazi kwa sababu ya hesabu ndogo kidogo kwenye karatasi, bila daktari kumtazama mtu mwenyewe.

Jambo la tatu linawahusu wenzetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Tororo imefanya mengi katika vita hivi. Shirika la TASO lina kituo hapo, na kuanzia mwaka 2003 ulifanyika utafiti wa kuwapelekea wagonjwa dawa majumbani mwao kwa pikipiki, ukaonyesha kwamba mkulima wa kijijini anaweza kutibiwa vizuri kama mtu wa mjini. Wenzetu hao huhesabiwa chembe ziitwazo CD4, ambazo ni kikosi cha limfosaiti. Nazo hupanda na kushuka baada ya kazi nzito, kama tulivyoeleza. Hivyo mtu akiona CD4 zimeteremka kidogo asikate tamaa, na zikipanda kidogo asiache dawa. Aulize, apime tena akiwa amepumzika, tena saa ileile ya siku. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba kila mwenye virusi aanze dawa, iwe hesabu ya CD4 ni kubwa au ndogo. Mazoezi ya wastani kwa anayetumia dawa vizuri hayamdhuru, bali humpa nguvu na hamu ya chakula.

TUFANYE NINI SISI WENYEWE

Yapo mambo machache ambayo hayangoji mkataba.

Usianze mzigo na tumbo tupu. Wataalamu wameona kwamba anayepata wanga au sukari wakati wa kazi ndefu, kotisoli yake haipandi sana, na mawimbi ya chembe nyeupe huwa madogo. Kwetu si lazima tununue vinywaji vya chupa. Uji wa mtama au wa muhogo wenye sukari, ndizi, viazi vitamu na karanga vinatosha. Machungwa, mapera na mboga za majani vina vitamini C, ambayo imeonekana kupunguza mafua kwa wakimbiaji wa mbio ndefu na askari wa jeshi wenye kazi ngumu.

Kunywa maji safi kabla ya kiu kukushika. Msichangie kikombe kimoja watu kumi. Mafua hupita hapo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Funga pua kwa kitambaa safi unapobeba saruji au unga, maana mtu mwenye mzigo huvuta hewa mara nyingi zaidi ya aliyekaa, na vumbi lote huingia naye.

Ukiwa na homa, mwili kuuma au kifua kubana, usibebe mzigo. Si uvivu. Virusi vingine hushambulia nyama ya moyo, na kazi nzito wakati huo huweza kumwangusha mtu akafa. Tena mwenye malaria huweza kuvimba wengu, na gunia likimgonga ubavuni wengu huweza kupasuka.

TUDAI NINI KWA WAAJIRI

Haya ndiyo ya kuyapeleka mezani, kila tawi kwa nafasi yake.

Kwanza, uzito. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linasema pale ambapo mwanamume mmoja huruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe upesi uteremshwe hadi hapo. Gunia la kilo 90 au 100 ni mzigo wa watu wawili. Kenya mwaka 2019 ilitoa kanuni ya kufunga viazi katika magunia yasiyozidi kilo 50. Kama imewezekana kwa viazi, kwa nini isiwezekane kwa mahindi na maharagwe?

Pili, mapumziko ya saa maalumu, kivuli cha kukalia, na maji safi ya kunywa na ya kunawa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya anayemfanyia kazi. Maji si hisani.

Tatu, usingizi. Aliyepakua usiku asipangiwe zamu ya asubuhi ifuatayo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataja saa 48 za kazi kwa juma. Nyingi kati ya saa zetu haziandikwi popote, basi tuziandike sisi wenyewe. Kila kundi liwe na daftari, liandike saa ya kuanza, saa ya kumaliza, idadi ya magunia na waliougua. Daftari la miezi sita litasema zaidi ya hotuba yangu.

Nne, siku za ugonjwa zenye malipo. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwenye miezi miwili kazini walau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu katika mwaka. Katika Uganda, aliyekwisha timiza mwezi mmoja hupata mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Waajiri hukwepa kwa kutuita vibarua. Lakini kanuni za Uganda za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo astahili mkataba wa maandishi. Wangapi kati yetu wana miaka minne getini na hawana hata karatasi?

Tusisahau kwamba ugonjwa hauna pasi ya kusafiria. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kuelekea Malaba, madereva wakilala barabarani wakingoja kupimwa. Tuliona wazi kwamba dereva wa Mombasa, taniboi wa Kampala na mpagazi wa Busia wanavuta hewa moja. Mmoja akilazimishwa kufanya kazi akiwa mgonjwa, wote wako hatarini. Kwa hiyo madai haya yapelekwe pande zote mbili za mpaka, na wenzetu wa NOTU na wa COTU wayabebe pamoja.

Waajiri hupenda kutuambia mvumilivu hula mbivu. Uvumilivu tunao, na mgongo unashuhudia. Lakini hata askari wa damu, hodari kama walivyo, wakitumwa doria usiku na mchana bila posho wala zamu, siku moja adui huwakuta wamesinzia. Jeshi hulindwa kwa chakula, kwa usingizi na kwa zamu za haki. Na mfanyakazi ni vivyo hivyo.

Mkutano wa tawi ukifika, njoo na daftari lako.

Umoja ni nguvu.